SOMO LA WIKI: Kutoboa eya klina ya bodaboda, nani anafaidi na nani analipa?

WIKI hii tunaweka kando bei za mazao na fedha za kigeni ili tuzungumzie mali ambayo wasomaji wengi wa ukurasa huu wameitia mtaji wao wa kwanza, yaani pikipiki ya bodaboda. Wapo waliokopa Saccos, wapo waliouza mpunga, na wapo waliotumia akiba ya vikoba. Wote wanategemea hesabu ya kila siku kutoka kwa dereva. Injini ikisimama, hesabu nayo inasimama.

Katika vijiwe vya mafundi kuna kazi inayofanyika kwa dakika chache tu. Fundi hufungua kava la ubavuni, huchomoa mpira wa kuingizia hewa au hutoboa matundu kwenye boksi la eya klina, na wakati mwingine huitupa filta kabisa. Dereva akirudi humwambia mwenye mali: "Tajiri, chombo kilikuwa kizito, sasa kinavuta." Ujira wa fundi ni mdogo, na mara nyingi tajiri hakuulizwa. Swali la somo letu ni hili: je, huo ni uwekezaji, au ni hasara ambayo haijaingizwa daftarini?

Injini inakula hewa kiasi gani?

Watu wengi hudhani injini inakula petroli tu. Ukweli ni kwamba inakula hewa nyingi zaidi. Ili petroli iungue sawasawa, kila kilo moja huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa. Ukipiga hesabu kwa ujazo, lita moja ya petroli huenda na karibu lita 9,000 za hewa.

Tuchukue injini ya aina iliyozoeleka barabarani, yenye ujazo wa sentimita 145 hivi. Injini ya mapigo manne huvuta hewa mara moja katika kila mizunguko miwili. Ikizunguka mara 5,000 kwa dakika na mafuta yakifunguliwa yote, kinadharia huvuta lita zipatazo 360 kwa dakika, au mita za ujazo karibu 22 kwa saa. Hewa yote hiyo hupita kwenye kipande cha karatasi au sponji kinachoweza kuenea kiganjani.

Boksi la eya klina nalo lina kazi zake. Hutuliza hewa kabla haijaingia kwenye kabureta, hupunguza kelele, huzuia maji ya mvua, na katika pikipiki nyingi hupokea mvuke wa oili unaotoka kwenye bomba la kupumulia la injini. Watengenezaji walipochagua ukubwa wa jeti ya kabureta, walipima boksi hilo likiwa zima. Ukibadili boksi umebadili pia hesabu ya kabureta, hata kama kabureta yenyewe hukuigusa.

Je, nguvu inaongezeka?

Tuwe wakweli, kwani somo la biashara halifai kuegemea upande mmoja. Injini inayopata hewa kwa urahisi zaidi inaweza kuongeza nguvu kidogo, hasa ikizunguka kwa kasi kubwa. Ndiyo maana waendeshaji wa mashindano hubadili filta, jeti na ekzosi kwa pamoja, kisha hupima matokeo kwa mashine. Lakini bodaboda haishindani. Inabeba abiria na magunia, inasimama na kuondoka, na sehemu kubwa ya siku injini yake iko katika mizunguko ya chini na ya kati, ambako faida hiyo ni ndogo mno au haipo. Aidha, kuondoa boksi kunaweza kupunguza uvutaji katika mizunguko hiyo.

Hata tukikubali kwamba nguvu imeongezeka kwa asilimia 5, mwendo hauongezeki kwa asilimia 5. Pikipiki ikiwa katika kasi kubwa, nguvu inayohitajika kupasua upepo hupanda kwa mchemraba wa mwendo. Chombo kilichokuwa kikiishia kilomita 90 kwa saa kitaishia kama 91.5. Hakuna abiria atakayeongeza nauli kwa tofauti hiyo.

Mbona basi dereva huapa kwamba chombo sasa kinavuta? Sababu ni mbili. Kwanza ni sauti. Boksi likitobolewa mngurumo huongezeka, na sikio huuhesabu mngurumo huo kama mwendo. Pili, na hii ni muhimu zaidi, filta iliyotupwa ilikuwa imeziba kwa vumbi la miezi mingi. Dereva analinganisha injini isiyo na filta na injini yenye filta iliyokufa. Ni sawa na mfanyabiashara anayepima duka lake jipya kwa kulilinganisha na mwezi mbaya kuliko yote wa duka la zamani. Ulinganisho wa haki ni dhidi ya filta mpya, safi, ya aina inayotakiwa.

Gharama zinaanzia wapi?

Gharama ya kwanza ni joto. Hewa ikizidi na petroli ikabaki ileile, mchanganyiko unakuwa na petroli pungufu na injini inapata moto kupita kiasi. Dalili zake ni plagi kuwa nyeupe, ekzosi kulipuka-lipuka dereva anapoachia mafuta, na injini kukataa inapopanda mlima. Hali hiyo ikiendelea, valvu ya kutolea moshi huungua, na pistoni yenyewe inaweza kutoboka.

Gharama ya pili ni petroli. Fundi mjuzi huondoa tatizo la joto kwa kuweka jeti kubwa zaidi. Hapo injini inapoa, lakini inakunywa zaidi. Tuseme dereva hutumia lita 4 kwa siku kwa bei ya Sh 3,000, na matumizi yamepanda kwa asilimia 10. Hiyo ni Sh 1,200 kwa siku, au Sh 31,200 kwa mwezi wa siku 26 za kazi.

Gharama ya tatu, ambayo ndiyo kubwa, ni vumbi. Vumbi la barabara zetu lina chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko chuma cha kawaida. Bila filta, chembe hizo huingia kwenye silinda, hushikana na oili na kuwa kama msasa kati ya ringi na ukuta wa silinda. Hakuna kengele inayolia. Injini hupoteza mgandamizo kidogo kidogo, huanza kula oili, kisha siku moja moshi wa buluu unaonekana. Wakati huo ulaji umekwisha kutokea.

Tupige hesabu

Takwimu hizi ni za mfano; msomaji aweke bei za mtaani kwake. Tuseme hesabu ni Sh 8,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, na filta mpya ni Sh 8,000. Tuseme kubadili bloku, pistoni na ringi pamoja na ufundi ni Sh 180,000, na chombo kinalala siku nne. Hesabu iliyopotea ni Sh 32,000. Jumla ni Sh 212,000.

Kiasi hicho ni zaidi ya wiki nne za hesabu. Kingenunua filta 26, na kubaki chenji. Tena hatujagusa bei ya kuuzia: mnunuzi akiona moshi wa buluu atakata bei papo hapo, na atakuwa na haki.

Nani analipa?

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Katika mpango wa hesabu, petroli ni ya dereva na injini ni ya tajiri. Dereva anapata sauti anayoipenda leo. Uchakavu utamfikia tajiri mwakani, pengine dereva huyo akiwa ameshahamia chombo kingine. Si kwamba dereva ni mtu mbaya. Mpango wenyewe haumpi sababu ya kuijali pistoni.

Katika mpango wa mkataba, ambapo dereva hulipa kwa kipindi kilichokubaliwa kisha chombo kinakuwa chake, hali hubadilika. Anayeharibu ni yuleyule atakayerithi uharibifu. Hata hivyo tajiri hayuko salama, kwa kuwa injini ikifa katikati ya mkataba malipo yatasimama, naye atarudishiwa chombo kibovu.

Hivyo basi, dawa si kugombana na dereva. Dawa ni kumfanya naye awe na hisa katika uzima wa injini. Tajiri anunue filta mwenyewe kwa ratiba, na iandikwe katika makubaliano kwamba boksi halitobolewi bila ruhusa. Pia anaweza kumwachia dereva hesabu ya siku moja kila chombo kinapokaguliwa na kukutwa kizima.

Kwa wanaopeleka vyombo nyanda za juu

Wapo wanaonunua Dar es Salaam na kupeleka Mbeya. Huko, katika mwinuko wa mita 1,700 hivi, hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko pwani. Pikipiki ya kabureta itapoteza nguvu na mchanganyiko wake utazidi petroli. Wengine hukimbilia kutoboa boksi. Tiba sahihi ni fundi kuweka jeti ndogo kidogo na kuacha filta mahali pake.

Ukaguzi wa dakika kumi

Mwenye mali afanye yafuatayo kila mwezi, au mapema zaidi kama njia ni ya vumbi:

1. Fungua kava uone kama boksi ni zima, halina tundu geni, na mpira wake wa kuingizia hewa upo.

2. Toa filta. Ya karatasi isioshwe kwa petroli. Ikiwa imeziba, nunua mpya. Ya sponji huoshwa, hukaushwa, kisha hupakwa oili kidogo.

3. Kagua mpira unaounganisha boksi na kabureta. Ukipasuka, vumbi hupita hata kama filta ni mpya.

4. Pitisha kidole ndani ya mpira huo. Ukikuta vumbi upande wa kabureta, injini inaliwa.

5. Tazama plagi. Rangi ya kahawia hafifu ni njema, nyeupe ni joto, nyeusi ya masizi ni petroli kuzidi au filta kuziba.

6. Andika tarehe na matokeo daftarini.

Hilo la mwisho lisidharauliwe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tundu la fundi kwenye boksi la eya klina ni mfano mmojawapo: mtaji unatoka humo kila siku, na mwenyewe anausikia ukinguruma akidhani ni nguvu.