Udongo, Utando na Risasi Katika Maji ya Kisima

Swali: Kisima cha nyumba ya Mji Mkongwe, Unguja, kikishukiwa kuwa na madini ya risasi, je, maji yakichemshwa yatakuwa salama, au yahitaji udongo wa mfinyanzi au utando?

Jibu: Kuchemsha hakusaidii, kwa kuwa moto huua vijidudu lakini huacha metali, na maji yapunguapo kwa mvuke kiwango cha risasi katika kila lita hupanda. Udongo wa mfinyanzi una matabaka membamba yenye chaji hasi, ambayo hunasa ayoni za risasi, yaani chembe zenye chaji chanya, na kuachia sodiamu iliyokuwamo. Ukiunganishwa na misombo yenye salfa, hushika risasi kwa nguvu zaidi. Hata hivyo, sehemu kubwa ya Unguja ni mawe ya matumbawe, ambayo huyapa maji kalsiamu nyingi, na karibu na pwani chumvi ya bahari hupenya visimani, hivyo udongo usioboreshwa hujaa mapema, tena ukishajaa wenyewe ni taka yenye sumu isiyofaa kumwagwa bustanini. Utando wa polima wenye vitundu vidogo mno, ambamo maji husukumwa kwa shinikizo, huzuia metali na chumvi pamoja, ingawa huhitaji umeme na huacha maji ya chumvi kali. Kwa kisima cha pwani, utando ndio chaguo bora, lakini maji yapimwe kwanza maabara: kikomo cha risasi cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 0.01 kwa lita.