Somo la Afya: Huzuni na Hofu Zinapougonga Moyo

Moto umeteketeza nyumba usiku. Simu imeleta habari za msiba. Notisi ya kuhama imebandikwa mlangoni. Kwa wakazi wa Kawangware na Kibera, kuanzia Kongo hadi Laini Saba, mambo haya si mageni. Baada ya tukio kama hilo, mtu anaweza kushikwa na maumivu ya kifua na kukosa pumzi. Majirani humwambia akae, anywe maji, "ni presha tu." Ushauri huo unaweza kugharimu maisha.

Ugonjwa wenyewe

Madaktari wa Japani waliueleza ugonjwa huu mwaka wa 1990 na kuuita takotsubo, yaani chungu cha kunasia pweza. Homoni za mshtuko, kama adrenalini, zinapofurika mwilini, misuli ya chumba kikuu cha moyo hulegea ghafla. Sehemu ya chini hutuna kama chungu, huku ya juu ikibaki nyembamba kama shingo yake.

Tofauti na mshtuko wa kawaida wa moyo, hapa mishipa ya moyo haijaziba. Lakini dalili hufanana, na hakuna awezaye kutofautisha akiwa nyumbani. Jibu hutoka hospitalini, kwa kipimo cha ECG, vipimo vya damu na picha za moyo. Wagonjwa wengi hupona baada ya wiki kadhaa, ila siku za kwanza ndizo za hatari.

Wanawake huugua zaidi, wanaume hufa zaidi

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 2025 ulichunguza rekodi za wagonjwa karibu 200,000 waliolazwa kati ya 2016 na 2020. Takriban asilimia 83 walikuwa wanawake. Hata hivyo, asilimia 11.2 ya wanaume walifariki hospitalini, ikilinganishwa na asilimia 5.5 ya wanawake.

Sababu moja inayotajwa na wataalamu ni chanzo cha ugonjwa. Kwa wanawake, mara nyingi ni huzuni au hofu. Kwa wanaume, mara nyingi ni maradhi mengine mazito au upasuaji, na mwili huwa umeshadhoofika.

Suala la rangi

Tafiti za Marekani pia zimeonyesha kuwa wagonjwa Weusi hupata matatizo zaidi na hukaa wodini muda mrefu kuliko Wazungu. Hii haimaanishi kwamba moyo wa Mwafrika ni dhaifu. Wengi wao hufika hospitalini tayari wakiwa na presha au kisukari. Magonjwa hayo yanaweza kugunduliwa na kudhibitiwa mapema.

Hapo ndipo somo linapotuhusu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2015 ulionyesha kuwa karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini ana presha, na zaidi ya nusu ya Wakenya wazima hawajawahi kupimwa. Kina mama angalau hupimwa wanapohudhuria kliniki za wajawazito. Kina baba wengi husubiri mpaka wazidiwe.

La kufanya

Maumivu ya kifua, kukosa pumzi, kuzirai au moyo kwenda mbio baada ya mshtuko ni dharura. Piga 999 au 112, au mpeleke mgonjwa hospitalini mara moja. Usingoje kupambazuke. Mweleze daktari tukio lililotangulia, hata kama ni msiba au ugomvi wa nyumbani, kwa kuwa habari hiyo humsaidia kutambua ugonjwa.

Kabla ya dharura, pima presha katika kituo cha afya kilicho karibu, kama vile Riruta au Kibera South. Wahamasishaji wa afya ya jamii wanaotembelea nyumba pia wana mashine za kupimia. Jisajili na SHA kupitia *147#, ili gharama isikucheleweshe siku ya shida.

Na jirani akipatwa na msiba, mtembelee, mkae pamoja, umuulize pia kifua kinaendeleaje.