Asali Niliyoichanganya: Mafunzo Matatu ya Mwaka Mpya wa Kiyahudi

Nimeuza asali Dodoma miaka mingi, nikiifuata kwa warina wa Manyoni na kuileta Soko la Majengo. Unataka biashara yako ikue. Nami nilitaka hivyohivyo. Niliyojifunza kwa kuchelewa, yapate mapema.

1. Mwaka haufunguliwi kwa shangwe pekee

Mwezi wa tisa mmoja nilipeleka asali Mbale, Uganda, nikafikia Nabugoye kwa Abayudaya, walioshika dini ya Kiyahudi tangu 1919 wakimfuata Semei Kakungulu. Idi Amin aliwapiga marufuku, wakasali kwa siri. Nilikuta Rosh Hashana, mwaka mpya wao, tarehe mosi ya mwezi wao wa Tishri. Nilitarajia ngoma. Ikapulizwa pembe ya kondoo dume, shofa: mlio mmoja mrefu, kisha mitatu iliyokatika, kisha tisa mifupi kama kwikwi za mtoto. Kwa desturi milio hufika 100. Mzee niliyeketi naye alisema pembe humwamsha aliyelalia makosa yake.

2. Utamu unaouomba, umewapa wateja wako?

Tulichovya tufaha katika asali, tukaombeana mwaka mwema na mtamu. Asali ile ilikuwa yangu, tena safi, lakini kipande kilinikwama kooni. Nilikumbuka kiangazi kimoja cha ujana wangu, mizinga ilipokuwa mitupu. Nikachemsha sukari, nikaichanganya na asali. Chupa moja aliinunua mama wa Chang'ombe, akimtafutia mwanawe dawa ya kikohozi.

3. Sala haikulipii deni la jirani

Kuanzia Rosh Hashana hadi Yom Kipuri, siku ya toba, ni siku 10. Walimu wao wa kale walifundisha kwamba siku hiyo hufuta makosa ya mtu kwa Mungu. Ya mtu kwa mwenzake hayafutwi mpaka amridhishe. Nilishangaa, maana nilidhani nimeshasali ya kutosha.

Nilirudi Dodoma siku hizo 10 zikiwa hazijaisha. Wakulima walikuwa wakisafisha mashamba kungoja mvua. Nikabisha hodi kwa yule mama wa Chang'ombe, nikaeleza yote, nikatoa fedha yake na lita mbili za asali safi.

"Nimekusamehe, kaka, na fedha nimepokea," alisema. "Asali rudi nayo."

Nilirudi nayo.