Nauli ya Kurudi Kwenu Ni Deni la Mwajiri

Kila msimu wa tumbaku, vijana kutoka mkoa wa Kigoma huja Urambo, Kaliua na Sikonge mkoani Tabora kutafuta kazi za mashamba. Wengi huchukuliwa na mnyapara au mtu mwingine aliyetumwa na mwenye shamba, na makubaliano huwa ya mdomo: utalala hapa, utakula hapa, fedha yako utaipata tumbaku ikiuzwa. Soko likimalizika, wapo wanaokatwa unga, mafuta ya taa na dawa, wakapewa kilichobaki na kuambiwa kila mtu ajue pa kwenda.

Tabora imezoea watu wanaofuata kazi mbali na kwao. Katika karne ya 19, wapagazi walibeba pembe za ndovu na vitambaa kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji. Lakini kibarua wa leo ana kitu ambacho mpagazi hakuwa nacho: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004.

Sheria hiyo inasema hivi: mkataba ukikoma mahali tofauti na pale ulipochukuliwa, mwajiri ana njia tatu. Akusafirishe pamoja na mizigo yako, alipie usafiri wako, au akupe fedha isiyopungua nauli ya basi hadi kituo kilicho karibu na ulikotoka. Akikuchelewesha, anawajibika pia kwa gharama za kujikimu hadi siku ya safari. Na asijitetee kwamba hakukuchukua yeye. Aliyekufuata Kasulu, Kigoma, kwa niaba yake ni wakala wake, na sheria inamhesabu.

Je, kama hukuandikiana na mwajiri chochote? Usikate tamaa. Kuandika masharti ya kazi ni wajibu wa mwajiri. Shauri likifunguliwa na akashindwa kuonyesha maandishi, mzigo wa kuthibitisha mlichokubaliana ni wake.

Kuhusu makato, mwajiri hawezi kufyeka ujira wako kwa daftari lake peke yake. Deni la unga linakatwa iwapo ulikubali kwa maandishi. Siku ya malipo una haki ya kupewa maelezo ya ujira na makato yote.

Yapo pia mapya. Mapema mwaka 2025 Bunge lilirekebisha sheria za kazi, na sasa kazi za msimu zimetajwa miongoni mwa zile zinazoruhusiwa mkataba wa muda maalumu. Mwajiri wa shamba hana tena kisingizio cha kukwepa karatasi. Kisha, tangu Januari 1, 2026, kima cha chini cha mshahara sekta binafsi kimepanda kwa wastani kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322. Huo ni wastani. Kilimo kina kiwango chake, na makubaliano ya kulipwa chini ya kiwango hicho hayamwokoi mwajiri.

Ukidhulumiwa, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), ujaze fomu ya mgogoro na kumpa mwajiri nakala. Huduma ni bure. Kama unapinga kuachishwa kazi isivyo halali, una siku 30. Madai mengine, yakiwemo ujira na nauli, yana siku 60. Aliyefanya kazi chini ya miezi sita hawezi kulalamikia uachishwaji usio halali, lakini ujira na nauli yake viko palepale.

Mwenye shamba, nawe sikia: tiketi ya basi na karatasi moja ya mkataba ni nafuu kuliko kesi.

Kwa kibarua: siku ya kwanza tu, andika tarehe uliyoanza, jina la aliyekuchukua, mahali alipokutoa na ujira mliotajiana. Tunza ujumbe wa simu na miamala yote. Ukinyimwa haki yako, usiondoke Tabora kabla hujafungua madai.