Maandishi Yaliyokwama Njiani: Maswali na Majibu Kuhusu Bafa katika Lugha ya C

Swali: Programu yangu huandika vizuri kwenye skrini. Nikielekeza matokeo yake kwenye faili, kisha ikaanguka katikati ya kazi, nakuta faili ni tupu. Maandishi yamekwenda wapi?

Jibu: Hayakuwahi kutoka. Printf huweka herufi kwenye bafa, yaani sehemu ya kumbukumbu iliyo ndani ya programu yako, na maktaba ya C ndiyo inayoamua zipelekwe lini kwa mfumo endeshi. Ni kama daladala lisiloondoka kituoni mpaka lijae. Stdout ikielekea kwenye terminali, kwa kawaida bafa humwagwa kila mstari unapoisha. Ikielekezwa kwenye faili, husubiri bafa ijae, na kwenye Linux bafa hiyo mara nyingi ni ya baiti 4096. Mistari yako ilikuwa bado humo programu ilipokufa, ikafa nayo. Stderr hapo mwanzo haina bafa, na ndiyo sababu ujumbe wa makosa unapaswa kupita huko.

Swali: Basi si afadhali niondoe bafa kabisa?

Jibu: La, usifanye hivyo kwenye faili kubwa. Kila safari ya kwenda kwa mfumo endeshi ina gharama. Andika megabaiti moja kwa fputc bila bafa: umeuita mfumo mara 1,048,576. Kwa bafa ya baiti 4096, miito ni 256 tu. Iache bafa ifanye kazi yake, wewe chagua wakati wa kuimwaga kwa fflush.

Swali: Na setvbuf, inayopanga hali ya bafa, hutumikaje?

Jibu: Hupewa vitu vinne: mkondo (stream, kama stdout au faili ulilofungua), anwani ya bafa, hali na ukubwa. Hali ni tatu: _IOFBF ni bafa kamili, _IOLBF humwaga kila mstari, na _IONBF haina bafa. Kwa faili la kumbukumbu za matukio ambalo mtu analifuatilia papo hapo, mimi huandika hivi:

setvbuf(faili, NULL, _IOLBF, 0);

Iite mara tu baada ya fopen, kabla hujasoma wala kuandika chochote kwenye mkondo huo, na uangalie jibu lake: 0 ni kufaulu. NULL maana yake maktaba ijitafutie kumbukumbu yenyewe. Usitegemee NULL kubadili ukubwa, kwani glibc hubadili hali tu.

Ukitaka bafa kubwa zaidi, toa safu yako mwenyewe, na hapa ndipo wengi huumia. Safu iliyotangazwa ndani ya kitendakazi huisha kitendakazi kinaporudi, ilhali mkondo bado uko wazi na unaandika juu ya kumbukumbu ambayo si yake tena. Hata main haikuokoi, maana stdout humwagwa baada ya main kurudi. Itangaze safu hiyo kuwa static.

Swali: Nimeona watu wakiandika fflush(stdin) ili kufuta herufi zilizobaki. Ni sahihi?

Jibu: Hapana. Kiwango cha C hakisemi kitatokea nini, kwa hiyo kinachokubali kwenye kompyuta yako kinaweza kukataa kwenye nyingine. Soma kwa getchar mpaka ufike '\n' au EOF. Fflush ni ya mikondo ya kuandikia. Na hata huko, hufikisha data kwa mfumo endeshi tu, si kwenye diski. Kama rekodi ni za malipo na umeme unaweza kukatika wakati wowote, ita fflush kisha fsync.

Swali: Mbona mstari mmoja hutokea mara mbili kwenye faili baada ya fork?

Jibu: Jaribu hivi: printf("Naanza\n"), kisha fork(). Kwenye terminali utaona "Naanza" mara moja. Elekeza kwenye faili, utaikuta mara mbili. Fork hunakili kumbukumbu yote ya mchakato, pamoja na bafa ambayo bado ina mstari huo, na kila mchakato humwaga nakala yake unapoisha. Ita fflush(NULL) kabla ya fork ili mikondo yote ya kuandikia imwagwe, na mchakato mtoto usioita exec umalizie kwa _exit, ambayo haigusi bafa za stdio.