Mvua Ikigonga Bati: Kumtafutia Tiba Aliyepatwa na Kiwewe

Asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuukumba mji mdogo wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Walionusurika walitibiwa, wakahifadhiwa, wakagawiwa chakula na mablanketi. Lakini mtu aliyepita katika janga kama lile, msimu mwingine wa mvua ukifika na matone yakaanza kugonga bati, moyo unaweza kumwenda mbio, jasho likamtoka, akawazoa watoto kitandani na kutoka nao nje usiku wa manane. Majirani watasema huyu ni mwoga. Wengine watasema amechezewa. Sisi tunaofanya kazi ya afya tunaiita hali hiyo kiwewe, na kiwewe kina tiba.

Wala si lazima janga litangazwe redioni. Kijana wa bodaboda aliyeona abiria wake akifa barabarani anaweza kupata kiwewe. Vivyo hivyo mvuvi ambaye chombo chake kilipinduka, mama aliyepigwa na mumewe miaka na miaka, binti aliyebakwa, mzazi aliyetoka wodini mikono mitupu, mkimbizi aliyefika kambi ya Nyarugusu akiwa ameacha ndugu zake njiani. Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya familia inayoishi na mtu wa namna hiyo na haijui pa kuanzia.

Mwezi wa kwanza, na baada yake

Siku za mwanzo baada ya tukio, karibu kila mtu hutikisika. Usingizi hukatika, chakula hakipiti, machozi huja bila kuitwa. Huo bado si ugonjwa. Wengi hutulia wenyewe katika wiki chache wakiwa na mahali salama pa kulala, watu wao karibu, na shughuli ndogo za kila siku. Katika kipindi hiki kazi ya familia ni kukaa naye. Akitaka kusimulia, msikilize. Asipotaka, msimbane. Kumlazimisha mtu atoe yote siku ya pili baada ya msiba, eti apate nafuu, hakumsaidii, na Shirika la Afya Duniani limekwisha kushauri kwamba mahojiano ya namna hiyo yasifanywe.

Hesabuni mwezi mmoja. Ukipita, na bado tukio linamrudia kama linatokea sasa, ama kwa jinamizi usiku au kwa picha zinazomvamia mchana, anahitaji mtaalamu. Angalieni pia anachokwepa: njia anayoizunguka, jina asilotaka litajwe, kivuko asichopanda tena hata kama biashara yake iko ng'ambo. Mwili wake nao hukaa macho muda wote. Hushtuka mlango ukifungwa kwa kishindo, hukaripia watoto kwa jambo dogo, hukaa akiutazama mlango. Wengine hawalii wala hawashtuki. Wanakuwa kama watu waliohama kutoka katika miili yao, na hao ndio familia huwasahau kwa sababu hawasumbui mtu.

Mtoto huonyesha kwa njia yake. Aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani anaanza tena, anang'ang'ania kanga ya mama, anacheza mchezo uleule wa ajali kila siku. Mkubwa kidogo anashuka darasani ghafla, na mwalimu anaandika kwamba ni mtoro au mvivu.

Neno linalochelewesha tiba

Tuna methali tunayoipenda: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ni methali njema ya kupatanisha ndugu waliogombana. Kwa mwenye kiwewe haimfai, kwa sababu kwake yaliyopita ndiyo ndwele yenyewe. Kumwambia "sahau" ni kumtaka afanye jambo ambalo ugonjwa wake unamzuia kulifanya. Nimeona familia zenye upendo mkubwa zikipoteza mwaka mzima kwa neno hilo moja.

Jambo la pili linalochelewesha ni aibu. Hapa Tanzania jina la Mirembe, hospitali ya afya ya akili iliyoko Dodoma, limegeuzwa tusi la kutaniana vijiweni. Zanzibar, Kidongo Chekundu imefanyiwa hivyo hivyo. Matokeo yake mtu mwenye kiwewe huona kwamba kuomba msaada ni kukiri kuwa amerukwa na akili. Elezeni hili nyumbani, watoto wakisikia: wanaohudumiwa kwa kiwewe wengi wao huja asubuhi, huzungumza na mtaalamu, kisha hurudi kwao mchana kupika au kufungua duka. Halazwi mtu kwa sababu ya jinamizi.

Kuhusu sheikh, mchungaji au padri, msimwache. Dua na tiba hazigombani, na mara nyingi kiongozi wa dini ndiye mtu wa kwanza kuambiwa siri. Tunachomwomba ni ampeleke mtu huyo hospitali pia. Lakini anayesema dawa ya hospitali iachwe, au anayemfunga mgonjwa kamba na kumfungia ndani, huyo msimrudie.

Mlango wa kwanza

Familia nyingi hudhani lazima zianzie kwa bingwa mjini. Anzeni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Hapo ombeni rufaa kwenda hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa, na mkifika ulizeni kitengo cha afya ya akili na ofisi ya ustawi wa jamii. Msielekeze kidole kichwani mkadhani mmeeleweka. Semeni wazi.

Ugumu mkubwa huwa pale dirishani na mbele ya tabibu, kwa kuwa mgonjwa husema "naumwa kichwa" au "tumbo linauma," naye hupewa panadol au dawa za minyoo akarudi nyumbani. Maumivu hayo ni ya kweli, ila mzizi wake hautajwi. Sema hivi: "Shikamoo daktari. Tangu ajali ya mwezi wa nne silali. Ninaiona kila nikifumba macho, na sipandi gari tena. Naomba kuonana na mtu wa afya ya akili." Sentensi hizo zina tukio, muda, dalili na ombi, na mhudumu yeyote makini akizisikia atajua pa kukupeleka. Kama mgonjwa hawezi kuzisema, mwandikieni kwenye karatasi aikabidhi. Na kama fedha ni kikwazo, ofisa ustawi wa jamii wa hospitali ndiye wa kumweleza habari ya msamaha wa gharama, kabla hamjakata tamaa na kugeuza njia.

Huko mbele mnaweza kukutana na watu wa aina tofauti. Mnasihi, au mshauri nasaha, husikiliza na kuongoza. Mwanasaikolojia tiba amesomea kutibu kwa mazungumzo. Daktari bingwa wa magonjwa ya akili ni daktari kamili, anaweza kuandika dawa. Sehemu nyingi, anayebeba mzigo huu wote ni muuguzi wa afya ya akili, naye asidharauliwe.

Chumbani kuna nini

Watu huogopa wasichokijua, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu kidogo. Tiba ya mazungumzo kwa kiwewe kwa kawaida huwa ya vikao kati ya 8 na 16, kimoja kwa wiki. Vikao vya mwanzo ni vya kufahamiana, kueleza kiwewe ni nini, na kujifunza namna ya kuutuliza mwili, hasa kwa kuvuta na kutoa pumzi taratibu. Kisha, mgonjwa akiwa tayari, wanaliendea tukio lenyewe polepole: lilianzaje, uliona nini, ulisikia harufu gani, ulifikiri nini, kisha ikawaje. Kumbukumbu ya kiwewe imekatikakatika, kila kipande kinaruka peke yake. Inaposimuliwa mara kadhaa mahali salama, vipande vinaungana na kupata tarehe, mahali na mwisho. Akili inaanza kujua kwamba jambo lile lilitokea siku ile, wala halitokei leo usiku.

Njia moja ya tiba hii ina historia hapa kwetu Afrika Mashariki. Wataalamu Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert kutoka Ujerumani waliitumia kwa wakimbizi nchini Uganda, na katika makazi ya Nakivale, kazi ya kutibu ilifanywa na wakimbizi wenyewe waliopewa mafunzo. Utafiti wa Nakivale ulichapishwa mwaka 2008, na waliotibiwa walipata nafuu. Katika njia hii, kamba hutandazwa sakafuni, nayo ndiyo maisha ya mtu tangu azaliwe. Penye furaha linawekwa ua, penye maumivu linawekwa jiwe. Kisha mgonjwa na mtaalamu wake hutembea kando ya kamba hiyo, kikao baada ya kikao, wakisimama kwenye kila jiwe. Mtu anayedhani maisha yake yote ni jiwe moja huliona ua alilolisahau, na huiona pia sehemu ya kamba ambayo bado haijatandazwa.

Kwa watoto, Moshi hapa Tanzania na Bungoma nchini Kenya, washauri wa kawaida waliofundishwa waliongoza vikundi vya watoto waliofiwa na wazazi kwa vikao 12. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020, na sehemu nyingi kati ya zilizofanyiwa majaribio watoto walipata nafuu kubwa.

Kabla hujaketi naye

Una haki ya kumuuliza mtaalamu amesomea nini, amewahi kutibu watu waliopatwa na mambo kama yako au la, vikao vitakuwa vingapi na vitagharimu kiasi gani. Muulize pia juu ya siri. Mtaalamu wa kweli atakuambia kwamba anatunza siri zako, isipokuwa pale maisha yako, ya mtoto au ya mtu mwingine yapo hatarini. Nchini Kenya kazi hii ina sheria yake ya mwaka 2014, na ipo bodi ya washauri na wanasaikolojia. Anayekasirika kwa kuulizwa, anayekushika mwili, au anayesimulia habari za wagonjwa wengine, ondoka. Na kama baada ya vikao vitatu au vinne hamjaivana ingawa yeye ni mtu mwema, omba kubadilishiwa. Si utovu wa adabu.

Neno juu ya dawa. Zipo dawa za sonona zinazosaidia baadhi ya wenye kiwewe, nazo huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi yake, hivyo zisiachwe katikati. Valiamu ni jambo jingine. Msimnunulie dukani ili alale. Shirika la Afya Duniani limeshauri dawa za kundi hilo zisitolewe kwa msukosuko wa mwezi wa kwanza, na mwili huzizoea upesi. Pombe nayo hupunguza hofu kwa saa mbili na kuiongeza kwa siku mbili.

Yasiyosubiri mwezi

Aliyebakwa afike hospitali mara moja, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hutolewa ndani ya saa 72. Zanzibar kuna vituo vya Mkono kwa Mkono. Bara, vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Mtoto anayedhulumiwa anaweza kusaidiwa kwa kupiga 116 bila malipo, na Kenya namba ya ukatili wa kijinsia ni 1195.

Anayesema anataka kufa aaminiwe. Msimwache peke yake hata kwa dakika chache, ondoeni sumu ya shambani, dawa na kamba, na mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Kwa wengine wote, kama mwezi umepita na mtu wa nyumbani kwako bado anashtuka mvua ikigonga bati, usimtume peke yake. Funga duka asubuhi moja, mshike mkono, nendeni wote hadi zahanati, na umsubiri kwenye benchi hadi atoke.