Profesa anataka nilipe posho za semina ambayo haijafanyika

*Mimi ni mhasibu kijana, nashughulikia fedha za miradi ya utafiti katika chuo kikuu kimoja cha umma hapa Tanzania. Mradi mmoja, ambao fedha zake ni za serikali ya Marekani na zinatufikia kupitia chuo cha huko, unakwisha mwisho wa mwezi ujao. Kifungu cha kazi za uwandani bado kina fedha nyingi. Mtafiti mkuu, profesa aliyenifundisha, anataka niandae malipo ya posho za semina ya wanakijiji kwa orodha ya majina na sahihi atakayoniletea mwenyewe. Semina haijafanyika. Anasema itafanyika baadaye, na kwamba mimi ni mwanawe, nisimwangushe. Rafiki zangu walioko benki wananishauri niondoke chuoni. Nifanyeje?*

*Mhasibu wa miradi*

Malipo hayo usiyaandae, mwanangu. Hata semina ikija kufanyika kweli, gharama ya shughuli iliyofanyika baada ya mradi kufungwa haidaiwi kwa mradi huo. Anachokuomba profesa ni uandike kuwa jambo limetokea wakati halijatokea, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 ina kifungu kizima, cha 22, kuhusu nyaraka za kumdanganya mwajiri. Kumbuka pia kwamba kwenye hati ya malipo, penye "imeandaliwa na", pana jina lako.

Usidhani orodha yenye sahihi inamtosha mkaguzi. Mkaguzi mzoefu huomba daftari la safari aone gari la mradi lilikuwa wapi siku hiyo, hutafuta barua ya kuomba ukumbi au ya mtendaji wa kijiji, kisha hupiga simu mbili tatu kwenye namba zilizoandikwa. Sahihi za mkono mmoja huonekana hata na aliyesahau miwani nyumbani.

Lakini tumtendee haki profesa. Kwa ulivyoeleza, simwoni kama mwizi. Fedha za miradi ya namna hii mara nyingi huingia zimechelewa, vibali vya utafiti vina safari yake, ununuzi unapita NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, hatua kwa hatua, na ambaye hajarejesha masurufu ya safari iliyopita hapewi mengine. Mtafiti hujikuta miezi ya mwisho ana fedha na hana muda. Nasi wahasibu tuna tabia ya kumpelekea taarifa ya matumizi anapoidai tu, kana kwamba salio la kifungu ni siri ya ofisi.

Kinachomfaa ni kuongezewa muda bila fedha za ziada. Kanuni za ruzuku za serikali ya Marekani zinamruhusu mpokeaji mkuu, kama masharti ya ruzuku yake hayakatazi, kuongeza muda mara moja kwa hadi miezi 12, mradi taarifa yenye sababu itolewe angalau siku 10 za kalenda kabla ya mradi kwisha. Siku hizo 10 usizihesabu kuwa zako. Nyinyi ni wapokeaji wa pili: mnakiandikia chuo cha Marekani, nacho kina ofisi yake ya ruzuku yenye foleni yake, na mkataba wenu nao utahitaji kurekebishwa. Barua iwafikie wiki hii.

Na hapa ndipo barua nyingi zinapokwama. Kanuni hizo hizo zinasema muda hauongezwi kwa ajili tu ya kutumia fedha zilizobaki. Barua inayoanza na "tuna salio" imejikataa yenyewe. Anzeni na kazi: vijiji gani havijafikiwa, nini kilichelewesha, semina itafanyika lini na matokeo yake yanahitajika kwa lipi katika malengo ya utafiti. Fedha zije mwishoni, katika bajeti iliyopangwa upya. Angalieni pia kama kibali cha maadili ya utafiti na mikataba ya wasaidizi wa utafiti vitakuwa hai katika kipindi kipya. Mara nyingi hilo hukumbukwa watu wakiwa wameshapanda gari.

Mwendee profesa ofisini kwake, asubuhi, na rasimu mkononi. Mambo haya hayasemwi kwenye korido wala kwa simu. Mwambie: "Profesa, ile orodha sitaweza kuilipa. Nimekuja na njia nyingine, naomba tuisome pamoja." Ukitoka, mtumie barua pepe fupi ya mliyokubaliana. Akishikilia msimamo, mweleze mkuu wako wa fedha kwa maandishi, na huyo akinyamaza, nenda kwa mkaguzi wa ndani.

Muda ukikataliwa, lipeni madeni halali ya kazi zilizofanyika kabla ya mwisho wa mradi na mfunge hesabu. Mpokeaji wa pili huwa na siku 90 za kukabidhi ripoti zake za mwisho, isipokuwa mkataba umezifupisha. Kinachobaki kirudi. Mfadhili hamfukuzi mtafiti kwa kurudisha salio. Kinachogharimu ni matumizi yasiyo halali: mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Northwestern, kule kule Marekani, kilikubali kulipa karibu dola milioni 3 kumaliza madai kwamba ruzuku za utafiti wa saratani zilitumika kwa safari za familia, chakula na hoteli. Aliyefichua alikuwa mfanyakazi aliyeratibu ununuzi, mtu wa makaratasi kama wewe.

Kuhusu benki, kama unaipenda kazi hiyo, nenda. Usiende kwa sababu ya orodha hii tu, maana huko nako utamkuta meneja anayetaka ufungue akaunti ya mteja ambaye hajafika tawini.